Nyaya zinapita juu ya paa, umeme haushuki

Na Mwandishi Wetu, Rusumo

SWALI ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote katika vituo vya mpakani ni hili: inakuwaje nguzo kubwa za umeme zipite juu ya mashamba yetu, nasi tuendelee kuwasha kibatari? Wameniuliza waliorudi nyumbani kutoka Tanzania, Kongo na Uganda, wakakuta nguzo zimesimama pembeni mwa kiwanja walichopewa. Wameniuliza wauza mchele wa Rusumo na wenye mashine za kusaga wa Kagitumba. Mama mmoja anayevusha ndizi na maharage alinionyesha laini kwa kidole akasema, "Mwanangu, huu unakwenda kwa nani?"

Jibu la haraka ni msongo. Laini zinazovuka mipaka yetu siku hizi nyingi ni za msongo wa kilovoti 220, yaani karibu mara elfu moja ya umeme wa taa ya nyumbani. Hauwezi kuchotwa kwa waya kama maji ya bomba. Ili ushuke ni lazima pajengwe kituo cha kupozea umeme chenye transfoma, breka, vyombo vya ulinzi na swichi za kutenga, na kituo kimoja cha namna hiyo hugharimu mamilioni ya dola. Laini inayopita juu ya paa lako ni kama basi la moja kwa moja la Kigali hadi Kampala. Utalipungia mkono na halitasimama.

Jibu refu nililipata kwa njia ambayo sikuipanga. Kwa muda sasa nimekuwa nikijaza ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza ndani yake barabara, kisima, zahanati au nguzo ya umeme. Wenzangu wengi huchora barabara. Mimi nilianza na nguzo za mpakani, kutoka nguzo nikafika kwenye vituo, na ndani ya vituo nikaanza kuchora chombo ambacho watu wengi hawakijui hata kwa jina, ile swichi ya kutenga. Mafundi wa Tanzania na Uganda wanaiita aisoleta. Waliosomea kazi kwa Kifaransa, yaani wa Burundi, Kongo na wazee wa hapa Rwanda, wanaiita seksiona. Chombo ni kilekile.

Ukisimama nje ya uzio wa kituo utaiona bila shida. Tazama mahali penye nguzo fupi za vikombe vya kaure zilizopangwa mbilimbili au tatutatu, na juu yake mkono wa alumini au shaba uliolala. Aina moja ina mikono miwili inayokutana katikati kama mabawa ya lango, na kila nguzo ya vikombe huzunguka na bawa lake. Nyingine ina nguzo tatu, ya katikati ikizunguka na mkono mmoja mrefu kama mzani. Ipo pia inayonyanyuka kutoka chini ikikunja na kukunjua mithili ya mkasi, ikashika waya ulio juu. Umeme wetu husafiri kwa nyaya tatu, kwa hiyo kila swichi huja kwa seti ya tatu, zikifunguka na kufunga pamoja.

Kazi yake haina maajabu. Inaacha pengo la hewa ambalo jicho linaliona.

Hapo ndipo wengi hushangaa, kwa maana kituo tayari kina breka inayokata umeme. Swichi nyingine ya nini? Breka kweli ndiyo yenye nguvu. Inaweza kukata mkondo mkubwa wa hitilafu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na cheche inazimwa ndani ya gesi, mafuta au chumba kisicho na hewa. Lakini midomo yake imefungiwa ndani, huioni. Kuna kibao cha kuonyesha imefungwa au imefunguliwa, na kibao ni chuma kinachoweza kukwama. Fundi anayetaka kupanda na kushika waya kwa mikono yake hawezi kukiamini kibao. Anataka kuona mbingu kati ya ncha mbili za chuma.

Aisoleta nayo ina udhaifu wake. Haikuumbwa kukata mkondo unaotembea. Umewahi kuchomoa pasi ikiwa bado inafanya kazi ukaona cheche ya buluu kwenye soketi? Sasa fikiria cheche hiyo katika kilovoti 110 au 220, mahali ambapo hakuna gesi wala mafuta ya kuizima. Hewa yenyewe hugeuka kuwa njia ya umeme. Moto unanyooka ukifuata ncha inayoondoka, chuma kinayeyuka, na aliye karibu huungua. Kwa hiyo kuna mpangilio usiovunjwa: kwanza breka inafunguliwa, halafu aisoleta, halafu inafungwa swichi ya tatu inayounganisha laini na ardhi. Wakati wa kurudisha umeme mambo huenda kinyumenyume. Ya ardhini inaondolewa, aisoleta inafungwa, na breka inakuwa ya mwisho. Vituo vingi vina funguo na kufuli zinazomzuia mtu kufungua aisoleta kabla ya breka, kwa sababu fundi aliyechoka saa nane za usiku ni binadamu.

Ile swichi ya ardhini isidharauliwe. Laini iliyokatwa pande zote mbili bado inaweza kuua. Ikiwa sambamba na laini nyingine iliyo hai, itaokota umeme bila kuguswa. Radi ya mbali inaweza kuipiga. Na kuna hatari ya tatu, ambayo inatoka madukani kwetu wenyewe.

Ni jenereta. Katika kila kituo cha biashara cha mpakani, umeme ukikatika, ndani ya dakika tano utasikia mngurumo. Mwenye chenjova, ile swichi ya kuchagua ama umeme wa shirika ama wa jenereta, hana tatizo. Asiye nayo, aliyechomeka jenereta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, anausukuma umeme wake kurudi barabarani. Unafika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijui kushuka tu, ikilishwa kutoka chini inapandisha. Volti 400 za dukani zinatoka upande wa pili zikiwa volti 30,000. Fundi aliye juu ya nguzo, ambaye ameona kwa macho yake kwamba swichi upande wa kituo iko wazi, anakutana na umeme uliotoka dukani. Chenjova bei yake si kubwa kwa mtu mwenye friji ya kuuza soda. Ningetaka wakaguzi wa masoko waitafute kabla ya kutafuta leseni.

Turudi kwenye ramani. Kuchora swichi hizi kunafanyika kwa picha za setilaiti zilizoruhusiwa kutumika, na kwa kutazama kutoka barabara ya umma. Katika picha ya juu aisoleta yenyewe ni nyembamba mno, mara nyingi hauioni. Unachokiona ni kivuli. Picha iliyopigwa asubuhi, jua likiwa limeinama, huangusha juu ya kokoto kivuli cha kila nguzo ya vikombe. Unahesabu: hapa seti ya vivuli vilivyo pacha, hizo ni aisoleta. Pale vivuli vitatu vinene vinavyosimama peke yake, hizo huenda ni breka au vyombo vya kupimia. Unafuata waya kutoka mnara wa mwisho wa laini, unaingia kituoni, unapita aisoleta ya laini, vyombo vya kupimia, breka, halafu aisoleta nyingine, na hatimaye unafika kwenye basbaa, ile njia kuu ya mabomba au nyaya nene ambayo kila laini ya kituo inaungana nayo. Mimi huweka nukta moja kwa kila seti ya tatu, naipa alama ya swichi ya kutenga na msongo wake kwa volti, kisha naenda kwa inayofuata. Kituo cha wastani kinaweza kunimalizia jioni nzima.

Mtu atauliza faida ni nini. Mimi naiona katika kuhesabu. Breka ikiwa na aisoleta moja tu upande wa basbaa, kwa kawaida maana yake ni kwamba kituo kina basbaa moja. Siku wanayotaka kuifanyia matengenezo, wote wanaolishwa kutoka hapo wanakaa gizani. Ukikuta aisoleta mbili upande huo, kila moja ikielekea njia yake, basi kituo kina basbaa mbili, na laini inaweza kuhamishiwa ya pili wakati ya kwanza inapakwa rangi. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kuweka chumba cha baridi cha samaki, tofauti hiyo ina thamani kuliko hotuba nyingi za ufunguzi. Ramani haimwambii umeme utakatika lini. Inamwonyesha kama kuna njia ya kuzungukia.

Mfano mzuri uko hapahapa nilipo. Maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera, yana mtambo wa megawati 80 ulioanza kujengwa mwaka 2017 kwa niaba ya nchi tatu, Rwanda, Burundi na Tanzania, zikigawana sawa, takriban megawati 26.7 kila moja. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 340 kwa ajili ya mtambo. Kutoka hapa zinatoka laini tatu za kilovoti 220: moja kwenda Gitega, moja kwenda Nyakanazi, na moja kupitia Bugesera hadi Shango nje ya Kigali. Waliovuka daraja hili kwa miguu mwaka 1994, na waliorudi kwa njia hiyohiyo mwishoni mwa mwaka 1996, wanakumbuka mahali hapa kwa mambo mengine kabisa. Sasa daraja ni jipya, kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2016, na umeme unavuka bila pasipoti.

Lakini ukiwa na nchi tatu kwenye sufuria moja, ni lazima uweze kumtoa mmoja bila kumwaga mchuzi. Mti ukiangukia laini ya Gitega, breka inakata upande huo tu. Kisha aisoleta inafunguliwa, mafundi wa Burundi wanapata pengo lao la hewa na ardhi yao, na Nyakanazi na Shango zinaendelea kuwaka. Kila mmoja anapaswa kujua kwa hakika swichi ipi imefunguliwa na nani, na asiifunge mwingine kwa simu ya haraka kutoka nchi nyingine yenye lugha nyingine. Kwa sababu hiyo swichi zina namba, na namba ndizo zinazotajwa, hasemi mtu "ile ya kushoto".

Ushirikiano huu si mgeni katika Maziwa Makuu. Kule kwenye mto Ruzizi, maji yanapotoka ziwa Kivu, mtambo wa kwanza ulijengwa enzi za Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa pili ulikamilika mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika la Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo. Vita vikapita, serikali zikabadilika, mipaka ikafungwa na kufunguliwa. Mkoa wa Kagera, Tanzania, nao kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa laini ya kilovoti 132 ya Masaka hadi Kyaka inayopita Mutukula. Mfanyabiashara wa Bukoba alikuwa akinywa soda iliyopozwa kwa maji ya Nile.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji hunikatia nalo maneno: kama laini imefika hadi mpakani, si wafunge tu swichi? Hapana. Gridi mbili zinazojitegemea ni kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Wote wanatwanga mara 50 kwa sekunde, ndiyo, lakini mmoja akiwa juu na mwingine chini, michi inagongana. Kabla ya kuunganisha ni lazima msongo, kasi na mwendo viwe sawa, na anayefunga mwisho awe breka yenye chombo cha kulinganisha. Aisoleta huwa imeshafungwa kabla, ikiwa kimya. Mpaka hapo, katika baadhi ya maeneo, upande mmoja wa mpaka hulishwa na gridi ya jirani na swichi inayouunganisha na gridi ya kwao huachwa wazi kwa makusudi. Ukiona swichi iliyo wazi mpakani usidhani ni uzembe.

Sasa niseme la wafanyabiashara wa vyombo, kwa kuwa ramani ndiyo iliyonifumbua macho. Unapojaza msongo wa kila laini, unagundua kwamba laini za kati, zile za nguzo za miti zinazofika vijijini, hazifanani. Tanzania na Uganda zinatumia kilovoti 33 na 11. Rwanda inatumia 30 na 15. Yupo mtu atakayekuuzia kwa bei nzuri transfoma iliyotumika kutoka ng'ambo, yenye kibao cha 33 kwa 0.4, na kukuambia kwamba 30 na 33 ni ndugu. Hesabu yake ni hii: ukiilisha kilovoti 30, badala ya volti 400 utapata kama 364. Ikiwa ina kifundo cha kurekebisha kwa asilimia 5, utafika karibu 383, na mashine yako ya kusaga itavumilia. Isipokuwa nacho, mota itavuta mkondo zaidi, itapata joto, na utaizika kabla ya mavuno ya pili. Na ya kilovoti 11 usiiweke kabisa kwenye laini ya 15. Uliza shirika la umeme kabla hujalipa, tena uliza kwa maandishi.

Kazi hii ina usumbufu wake. Katika kituo kimoja, sitataja nchi, nilikalishwa chini ya mwembe kwa saa mbili kwa sababu nilikuwa na kamera begani, ingawa sikuitoa. Mlinzi alikuwa na heshima, "mzee, subiri mkubwa aje", na mkubwa alipokuja alitaka kujua nani amenituma. Nilipomwonyesha kwamba kituo chake kinaonekana kokoto kwa kokoto katika picha za setilaiti zinazotazamwa na dunia nzima, alikaa kimya, halafu akauliza kama nyumba yake inaonekana pia. Tuliachana vizuri. Hata hivyo tangu siku hiyo kamera inabaki nyumbani. Nchi nyingi zetu zina sheria kuhusu kupiga picha miundombinu, na ramani haistahili mtu kulala ndani.

Je, kuchora vitu hivi hakuwasaidii wahalifu? Nimelifikiria. Mwizi wa shaba hahitaji ramani yangu, anaijua njia ya nyuma ya uzio tangu utotoni. Kinachoweza kuwa na madhara ni hali ya swichi kwa wakati fulani, ipi iko wazi na ipi imefungwa leo. Hiyo haichorwi, na hata ikichorwa itakuwa uongo kabla ya jua kuzama, kwa kuwa waongozaji wa gridi hubadilisha kila siku. Ramani inaonyesha mahali chombo kilipo, basi. Wala hakuna fundi mwenye akili atakayepanda nguzo kwa kuamini ramani ya watu wa kujitolea. Ana mchoro wa shirika lake, ana kipimo cha kuthibitisha kwamba hakuna umeme, ana nyaya za kuunganisha ardhini. Nami natumaini hivyo ndivyo anavyofanya hata akiwa na haraka.

Zilizobaki sasa ni zile ndogo ndogo, ambazo kwa wengi wenu ndizo zenye maana zaidi kuliko za Rusumo. Katika laini nyingi za vijijini, mahali laini inapochepuka kuingia kituo cha biashara, kuna nguzo yenye swichi juu na bomba la chuma linaloshuka hadi usawa wa kifua, na mwisho wake mpini uliofungwa kufuli. Hiyo nayo ni aisoleta. Kwa mpini huo fundi mmoja anaweza kuutenga mtaa wenye hitilafu na kuwarudishia umeme wengine wote, badala ya tarafa nzima kungoja. Pasipo na mpini, wanakaa wote. Setilaiti haizioni, kwa hiyo ni za kuhesabiwa kwa miguu. Upande wa Kirehe nimeshaanza kuzihesabu. Upande wa Ngara sijagusa hata moja, na kutoka Kagitumba hadi Matimba nina nukta chache tu. Msomaji anayepita huko na baiskeli ya mzigo anaweza kuniandikia kupitia gazeti hili, akitaja jina la kituo cha biashara na duka lililo karibu na nguzo. Kufuli asiiguse.